Mwagizaji Niliyemwita Mwizi

Tabora, jioni ya kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Mambo ya kufunga begi, ya chandarua, na ya kutotoa simu ovyo barabarani ukifika Dar, mama yako ameyamaliza tangu juzi, na leo nimemsikia ameanza kuyarudia. Hapo sina la kuongeza. Nimejifungia kwenye chumba cha spea, nimesogeza betri mbili mbovu nipate pa kuweka daftari, nakuandikia kwa sababu kuna neno limenishinda kukuambia uso kwa uso. Nimejaribu mara tatu leo. Mara ya tatu ulidhani nataka chai, ukaniletea.

Neno lenyewe ni hili. Bwana Hamadi, yule mwagizaji wa magari niliyekuambia ni mwizi, si mwizi. Na yule kijana wa mtandaoni niliyekusifia, ambaye Jumatatu unakwenda kumkabidhi akiba yako ya miaka minne, simjui hata chembe. Nilimsifia kwa sababu moja tu, kwamba hajuani na baba yako mdogo Doto.

Najua sasa umekasirika. Kasirika, una haki, ila usiichane barua kabla hujafika mwisho, maana gari bado hujalinunua na ndiyo sababu ya kuandika leo badala ya mwaka kesho.

Ulikuja kwangu kama mtu anavyokuja kwa fundi. Ulikaa pale kwenye tairi la trekta, ukanionyesha picha za magari mawili kwenye simu, yote ya milango miwili, yote ya chini chini kama mjusi, ukanieleza mpango wako wa kuyakodisha kwa maharusi na kwa hawa vijana wanaopiga video za nyimbo. Nilikusikiliza nikajiona mdogo. Mimi katika umri wako nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba gari linaweza kulipwa kwa kusimama tu lipigwe picha. Ukaniuliza, "Baba, wewe umeshika magari miaka thelathini. Kati ya hawa wauzaji wawili, nani wa kuaminiwa?" Halafu, kabla sijavaa hata miwani, ukaongeza, "Najua yale ya zamani, lakini baba mdogo Doto anasema Hamadi ni mkweli, amemjua siku nyingi."

Hapo hapo nikasema, "Hamadi ni mwizi." Sikuangalia picha, sikusoma karatasi. Nilichosikia ni kwamba ulimpigia Doto kwanza.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi uliopita nilikuwa nimelala chini ya pikapu ya yule mfanyabiashara wa asali, nikakusikia uani ukicheka na simu, kicheko kile ambacho mimi hunichekei tena. Ukasema, "Sawa, baba, nitafanya hivyo." Nikaitika, "Naam?" Kumbe hukuwa ukisema na mimi. Nilibaki chini ya lile gari kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilikuonea wivu, mwanangu, na nilimwonea Doto wivu mpaka mdomo ukawa mchungu. Naliandika bila kuzunguka kwa sababu nimelizunguka vya kutosha.

Umekua ukijua mimi na Doto ni mapacha, lakini hujui ilivyokuwa kulelewa pacha katika nyumba ile. Bibi yako hakuthubutu kumpa mmoja kitu mwingine akakosa. Kaptura zilikuwa mbili za kitambaa kimoja. Mjomba akija kutoka Nzega na zawadi moja, aliirudisha mfukoni mpaka apate ya pili, kwa sababu waliamini pacha aliyenyimwa ataugua, pengine afe. Kuku akichinjwa, mapaja mawili yalikuwa yetu, tena bibi yako aliyatazama kwanza kama yamelingana. Sikumlaumu na sasa simlaumu. Lakini nilikua nikiamini kabisa kwamba duniani kila kinachomfikia Doto, changu kiko njiani kinakuja.

Tukakua, vitu vikaacha kulingana. Yeye akawa mwalimu, mimi fundi. Nilijifariji kwamba yeye ana chaki na mimi nina mashine. Katika magari hakuniweza, na hilo lilinitosha, mpaka mwaka ule alipouza ng'ombe wake wa Igunga akaagiza gari jekundu la milango miwili kwa Hamadi.

Alikuja hapa gereji kabla ya kuagiza. Doto hajui hata gari linavyobadilishwa plagi. Alitoa kidaftari akaniuliza, "Kulwa, nimwulize nini huyu mtu?" Nikamcheka mbele ya mafundi wote. Nikamwambia, "Mwulize kama lina usukani." Akacheka na yeye, akafunga kidaftari, akaenda kumwuliza Hamadi kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliomba picha za chini ya gari. Aliomba namba ya chesisi akawapelekea watu wanaoweza kuifuatilia. Aliomba karatasi ya mnada kule Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama za kila mkwaruzo, akatafuta mtu wa kumsomea. Mwisho akamwomba Hamadi kitu ambacho mimi sijawahi kusikia mteja akiomba: namba ya simu ya mtu aliyewahi kugombana naye. Hamadi akampa. Doto akampigia, yule mtu akalalamika nusu saa kwamba gari lilichelewa bandarini na Hamadi hakupokea simu siku mbili, kisha akasema, "Lakini gari ndilo lile aliloniambia."

Nilipopewa habari hiyo nilicheka tena. Siku hizi nikiikumbuka naona ndiyo busara kubwa kuliko zote nilizosikia katika biashara hii, na imetoka kwa mtu asiyejua plagi.

Gari likafika. Jumapili Doto akalileta kanisani. Unakumbuka kwaya ilivyotoka bila kumaliza salamu? Mzee wa kanisa aliyekuwa akitukemea kwa kuvaa soksi za rangi alikuwa anaupapasa mlango kama anabariki. Watu waliniuliza mimi, fundi, habari za gari la mwalimu. Bibi yako, macho yakiwa yameanza kufifia, akaingizwa kiti cha mbele, akakaa, akashika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akageuka akauliza kwa sauti, mbele ya kanisa zima, "Na la Kulwa liko wapi?"

Wakacheka. Mama yako alicheka. Wewe ulikuwa darasa la nne, ulicheka pia. Bibi yako hakutania, alikuwa anauliza kama alivyouliza maisha yake yote. Na mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke na watoto, nikasimama pale nikihisi nimenyimwa.

Jumatatu asubuhi nikampigia Hamadi. Nilimwuliza maswali matatu, na nitayataja yote ili unicheke vizuri. Je, lina mbio kuliko la ndugu yangu? Je, lipo la rangi kali zaidi? Je, litafika kabla ya Krismasi? Hamadi akasema analo moja la bei nafuu sana, lakini anitumie kwanza maelezo yake. Nikamwambia, "Bwana, mimi ni fundi. Hunifundishi gari." Akatuma ujumbe mrefu. Niliuona urefu wake, nikamjibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu. Akapiga. "Fundi, umesoma?"

"Nimesoma."

"Umesoma wote?"

"Nimekwambia nimesoma. Tuma gari."

Likaja. Bluu ya kung'aa, unaikumbuka. Ndani lilinukia marashi makali, na fundi yeyote anajua marashi ndani ya gari yamewekwa kufunika harufu nyingine. Mikono yangu iliwasha kuinua kapeti. Lakini uani kulikuwa kumejaa watu, na mtu hainui kapeti la gari lake mbele ya watu wanaompigia makofi, ataonekana ana shaka. Nikawasha, nikapita mbele ya nyumba ya Doto mara mbili bila sababu. Mara ya pili alikuwa barazani, akanipungia mkono kwa furaha kabisa. Hata furaha yake iliniudhi.

Yaliyotokea Igalula uliyaona kwa macho yako, ulikuwa kiti cha nyuma na mdogo wako mapajani. Tulikuwa tunakwenda kumzika mjomba wa mama yako. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Tulipotoka lami, vioo vikaanza kushuka vyenyewe. Taa za indiketa zikawaka zote. Tulipouona umati wa msiba, honi ikaanza kulia, na haikunyamaza. Nikaingia msibani na gari la bluu linalopiga honi kama la bwana harusi. Wanawake wakaacha kulia wakatutazama. Ilibidi nifungue boneti mbele ya jeneza ning'oe waya kwa meno. Mama yako hakusema neno siku ile, na mama yako kunyamaza unajua maana yake.

Watu walipokwenda kuzika, mimi nilibaki. Nikainua kapeti. Chini yake kulikuwa na tope lililokauka, jembamba kama unga wa muhogo. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, nikauona mstari wa maji, upande mmoja safi na upande mwingine kahawia. Gari lilikuwa limezama.

Hadithi uliyokua nayo inaishia hapo: Hamadi mwizi alimtapeli baba. Iliyobaki hujawahi kuisikia, na mama yako pia hajui.

Nikaingia kwenye shamba la mihogo la watu, nikampigia Hamadi pale pale nikamtukana. Alinisubiri nimalize. Akasema, "Bwana Kulwa, rudi kwenye ule ujumbe." Nikarudi. Alikuwa ameandika kwamba gari lile liliwahi kuzama kwenye mafuriko hadi usawa wa viti, kwamba umeme wake si wa kutegemea, kwamba bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo tu. Alikuwa ameandika, "Kama ni la kuendesha, sikushauri. Kama unataka spea, litakufaa." Chini yake kilikuwa kidole gumba changu.

Niliufuta ule ujumbe, Kabula. Nilisimama kwenye mihogo nikaufuta, kisha nikarudi kwa waombolezaji nikaanza kusema. Nilisema Igalula, nikasema kanisani, nikasema gereji kwa kila mteja. Walimu wawili waliokuwa karibu kuagiza wakaacha. Muuguzi mmoja wa Kaliua akadai kurudishiwa fedha zake, akarudishiwa, na hilo lenyewe lingenitosha kujua Hamadi ni mtu wa namna gani. Halafu, kwa kuwa Hamadi yuko mbali na Doto yuko karibu, nikasema na la Doto. Nikasema alilipwa ili aniunganishe na tapeli.

Doto alikuja. Alisimama pale mlangoni pa chumba hiki. "Kulwa, umesema mimi nililipwa?" Nikasema, "Ndiyo." Hakugombana. Mwaka uliofuata akahamia Dar kwa wakwe zake, na tangu hapo tumekuwa tukisalimiana kwenye misiba.

Mganga hajigangi, wanasema. Nimelaza gari lile nyuma ya gereji miaka yote hii na kuwaambia watu ni kumbukumbu ya wizi, wakati wizi pekee uliofanyika ni wangu, wa jina la mtu.

Jana, kwa sababu ulikuwa umeanza kukunja nguo, nilivaa miwani nikazisoma karatasi zako zote mbili za maelezo ya magari, na picha zake, kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Nisikilize sasa kama fundi.

La Hamadi limetembea sana. Madigadi ya mbele kulia imebadilishwa, siti ya dereva imechanika, na yote hayo ameyaandika mwenyewe kabla hujauliza. Amekupigia hesabu ya ushuru wa bandarini ukiwa ndani ya bei, ndiyo maana linaonekana ghali. Amekuambia uende yadi yake kule Dar siku yoyote na fundi yeyote. La yule kijana halina hata mkwaruzo, kwa maneno yake. Kilometa za kwenye dashibodi ni chache mno, lakini tazama picha ya tatu, raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani umeng'aa kama kichwa cha mzee. Gari lililotembea kidogo halichakai miguuni. Picha za chini ya gari hakuna. Karatasi ya mnada ipo, ila kona yenye namba imekatwa. Ushuru hajautaja kabisa.

Nikamwandikia yule kijana kama mteja. Nikamwomba namba ya mtu aliyewahi kulalamika. Akajibu, "Mzee wangu, sijawahi kulalamikiwa, nina Mungu." Nikaomba namba ya chesisi. Akasema kuna mteja mwingine analitaka leo jioni, nikitaka nitume fedha kwanza, kwenye simu yake.

Sisemi ni mwizi. Nimeshamwita mtu mwizi mara moja nikakosea, ulimi wangu hauna haki tena na neno hilo. Nasema nimemtafuta wa kumwamini ndani ya yale maelezo sijamwona. Hamadi naye usimwamini kwa sababu tu mimi leo namtetea. Nenda yadi. Inua kapeti, hata kama wapo watu hamsini wanaotazama. Vuta mkanda mpaka mwisho. Uliza swali la kijinga, halafu uliza lingine. Mtu mkweli atachoka nawe, hatakukasirikia. Na ukisikia ndani yako haraka ambayo haitoki kwenye gari, haraka ya kutaka fulani akuone, zima simu ulale, gari utalikuta kesho. Mimi sikuwa na cha kulaumu ila ile haraka.

Hamadi nimemwandikia leo. Nimemwambia nilisoma ujumbe wake siku ile ya Igalula, na kwamba niliufuta. Hajanijibu. Ana haki asijibu.

Kisha nikampigia Doto. Simu iliita mpaka nikashukuru kwamba hapokei, akapokea.

"Kulwa."

"Doto. Hamadi aliniandikia kwamba gari liliwahi kuzama. Nilijua tangu siku ile ya Igalula."

"Nami nilijua unajua," akasema. "Siku ile nilipokuja gereji hukunitazama usoni."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ni mimi." Halafu akaanza kukohoa, au kulia, sijui, mtandao ulikuwa mbaya. Nikamwomba aende nawe kwa Hamadi. Akasema atakuja kukupokea stesheni, na kwamba amekwisha andaa kidaftari. Nilicheka, nikakata simu kabla hajanisikia vizuri.

Usidhani wivu umeisha, mwanangu. Nimekuandikia karatasi hizi zote na bado uko hapa kifuani. Kesho nitakupakiza mwenyewe, nitasimama nje ya behewa nikipunga mkono kama wazazi wote. Utapita Igalula, utapita Tura, utalala, utaamka. Ukishuka Dar utaona kwenye umati mwanamume mwenye uso wangu huu huu, mvi zangu hizi hizi, na pengo langu la kushoto, amenyoosha mikono miwili kukupokea. Hatakuwa mimi. Mkimbilie hivyo hivyo.

Ni mimi baba yako,
Kulwa